Siku Rimu Lilipogongwa Mara ya Pili

Jua linapoanza kuchungulia juu ya mashamba ya ngano, senta ya Kona Maziwa huwa imeamka zamani. Senta hii ni ndogo, safu mbili tu za maduka ya mabati, pale barabara ya kutoka Ainabkoi kwenda Eldoret inapopinda ghafla. Ilipata jina lake kwa sababu ya jukwaa la mbao lililo kwenye kona hiyo, ambapo wakulima huweka mitungi yao ya maziwa ikingoja lori. Hakuna mlinzi. Kila mtungi una alama yake, mwingine rangi, mwingine kamba, na kila mtu anajua wa nani ni upi.

Ukitaka kujua nani amefungua kazi, huna haja ya kuchungulia. Sikiliza tu. Injini ya posho mill ikikohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma, ujue Kipkoech yuko ndani, ameshika koleo lake pana la kupakulia mahindi, nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga. Ukisikia twa! twa! twa! huyo ni Wanyoike wa bucha anapasua mifupa kwenye gogo kwa shoka lenye makali ya kutisha. Mlio wa pikipiki ni wa Marvin na wenzake wa bodaboda, ambao hukazakaza nati kwa spana huku wakigombania abiria ambaye hata hajafika. Na ukisikia mafuta yakichachatika, basi Mama Virginia amedumbukiza mandazi ya kwanza, naye anayageuza kwa mwiko mrefu wa chuma ambao wateja wasiolipa wanaujua vizuri.

Kwenye boriti ya kibaraza cha posho mill lilining'inia rimu la chuma la gurudumu la lori, na kando yake nondo fupi ya kuligonga. Wazee walilitundika miaka ile ng'ombe walipokuwa wakiibwa. Sheria yake ilikuwa fupi: ukisikia rimu, huulizi. Unaacha ulichokuwa ukifanya na kuja mbio na ulicho nacho mkononi. Nyumba ya mjane mmoja ilipowaka moto, rimu ndilo lililomwokoa. Watu walikuja na ndoo, na matawi mabichi, na mmoja akaja na sufuria ya uji aliyokuwa akipika, akaumwaga uji wote kwenye moto. Kwa hiyo watu walilipenda rimu lile.

Lakini tangu mvua zianze mwaka huo, mitungi ilikuwa ikipotea pale jukwaani. Leo mmoja, kesho kutwa mwingine. Watu walikuwa na hasira iliyokuwa ikichemka chini kwa chini.

"Nikimshika huyo mtu," Wanyoike alizoea kusema, akipima shoka lake hewani, "nitamkata vidole kimoja kimoja, niviuze pamoja na matumbo."

"Niwekee robo kilo!" Marvin angejibu, na watu wangeangua kicheko.

Chebet pia alikuwa akicheka. Alikuwa msichana wa Gredi ya Sita, mwembamba, mwenye miguu mirefu na mbio za swala. Aliishi na nyanya yake, Kogo Hellen, ng'ambo ya mto. Kila asubuhi kabla ya shule alibeba mtungi mdogo wa alumini wa maziwa ya ng'ombe wao Chelel mpaka hotelini kwa Mama Virginia, kwani bila maziwa hayo hakukuwa na chai. Mkono wa mtungi ule uliwahi kukatika. Mzee Mabonga, aliyekuwa akizunguka na mkokoteni akikusanya vyuma vikuukuu, aliufunga kwa waya bila kudai hata shukrani, na Kogo akazungusha kitambaa chekundu juu ya ule waya usimchome mjukuu wake.

"Ukiwa na maziwa hakuna kituo," Kogo alimwambia asubuhi hiyo kama asubuhi nyingine zote. "Mkono ukichoka, badilisha mkono. Na nikisikia tena umecheza mpira wa kati njiani, Jumamosi hukanyagi Eldoret. Mbio zako utakimbilia hapa, nyuma ya ndama."

"Sawa, Kogo."

Jumamosi hiyo yalikuwa mashindano ya riadha ya shule, na Chebet alikuwa amechaguliwa. Alikuwa hata ameshafua soksi.

Basi akaenda. Na kama si Cate, rafiki yake wa dawati moja, labda angefika salama. Cate na wasichana wengine walikuwa kwenye uwanja mdogo kando ya barabara, wakicheza kati kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya katani.

"Wee Chebet!" Cate akaita. "Ingia katikati hata raundi moja! Hawa wanasema wewe siku hizi umekuwa mzito kama debe la githeri."

"Nina maziwa."

"Maziwa yana miguu? Yataenda wapi? Yaweke hapo."

Chebet akatazama nyuma. Njia ilikuwa tupu. Akauweka mtungi ukingoni mwa mtaro, akaingia katikati. Mpira wa kwanza akauruka, wa pili akauinamia, wa tatu ukapita chini ya kwapa lake, na wasichana wakapiga kelele. Ule uliofuata ulimjia kifuani kwa kasi. Akaruka kinyumenyume, na kisigino chake kikagonga kitu baridi, akaanguka kwa goti matopeni.

Mfuniko ulifunguka kabla mtungi haujafika chini. Maziwa yote yalimwagika kwenye matope, na mtungi wenyewe ukabingirika mtaroni, ukaenda ukilia ngo, ngo, ngo, hadi ukanaswa kwenye miiba karibu na kalavati linalopitisha maji ya mvua, chini kabisa.

Wasichana wengine walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Alibaki Cate peke yake.

"Sasa utachapwa," Cate alisema.

"Kogo hachapi."

"Kama hachapi, mbona unalia?"

Chebet akautazama mtaro. Aliiona Jumamosi ikimwagika pamoja na maziwa. Cate akamsogelea, akapunguza sauti.

"Sema umenyang'anywa. Si kila mtu anaibiwa mtungi siku hizi? Nani atajua?"

Mama Virginia alikuwa mlangoni mwa hoteli, mikono kiunoni, mwiko umechomoza ubavuni. Ndani, Marvin na wenzake walikuwa wakigonga meza kwa vikombe vitupu.

"Mama, leo ni strungi, chai bila maziwa, ama ni nini? Tumekaa hapa mpaka mandazi yameota ndevu!"

"Ngojeni, mtoto huyo hapo," akasema Mama Virginia. Kisha akamwangalia Chebet vizuri. "Maziwa yako wapi?"

Chebet alifungua kinywa. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yalitoka kwa urahisi uliomshangaza yeye mwenyewe.

"Nimenyang'anywa."

Vikombe vikanyamaza.

"Na nani?"

"Mtu. Sijui."

"Mwanamume?" Marvin alishasimama.

"Ndiyo."

"Alikuwa na koti?"

Asubuhi za Kona Maziwa zina baridi ya kukata masikio. Nani asiyevaa koti?

"Ndiyo."

"Rangi gani?"

"Nyeusi," alisema Chebet, kwa sababu ndiyo rangi iliyomjia kwanza.

"Amekupiga? Hebu tazama goti lake, ona matope!" Mama Virginia alilia. "Mtoto mdogo hivi! Sasa wametoka kwenye jukwaa, wanawavamia watoto barabarani!"

Kipkoech alikuwa amekuja kuchukua chai yake. Hakungoja lingine. Alivuka barabara kwa hatua ndefu, akashika nondo, akaligonga rimu.

Mlio ule ulipasua asubuhi. Ulipita juu ya mabati, ukashuka mtoni, ukapanda mashambani. Wanyoike akatoka buchani na shoka, aproni yake ikiwa na damu ya ng'ombe. Kipkoech akachomoa koleo. Marvin alikuwa na spana. Fundi wa kuchomelea akaja na kipande cha bomba, mwenye duka akaja na jiwe la mizani, na wanaume waliokuwa wakipanga viazi kwenye magunia wakaja na majembe. Vitu vile vile Chebet alivyozoea kuvisikia vikifanya kazi kila asubuhi sasa vilikuwa vimeinuliwa juu ya vichwa vya watu. Hakuna aliyeuliza. Sheria ya rimu ilikuwa ni kutouliza.

"Mwizi! Koti nyeusi! Amempiga mtoto!"

Habari ilikuwa imekua kabla hata haijavuka barabara.

Na hapo ndipo, kwenye kona, mkokoteni ulipojitokeza.

"Chuma mzee! Betri mzee! Sufuria mbovu leteni!" Mzee Mabonga alikuwa akiimba kama kawaida yake, amevaa lile koti lake refu jeusi la mvua. Na juu kabisa ya vyuma vyake, ukiwa umepanguswa matope kwa uangalifu, ulikuwa umekaa mtungi wa alumini wenye kitambaa chekundu.

Chebet aliutambua. Alielewa papo hapo. Mzee alikuwa ameuona mtaroni, akautambua kwa waya aliouzungusha mwenyewe, akashuka kwenye miiba kuutoa ili aurudishe.

Mabonga alipoona umati ukimjia mbio, alitabasamu. Labda alidhani kuna nyumba inayoungua na wanahitaji mkokoteni. Akauinua mtungi juu wauone.

"Jamani, habari za asubuhi! Huu mtungi wa Kogo nimeu—"

Koleo la Kipkoech lilimpata begani. Mtungi ukaruka. Kabla hajaanguka, bomba lilimpiga mkononi, na watu waliokuwa karibu walisikia mfupa ukivunjika, kama kuni kavu. Akapiga magoti. Mtu akampiga teke la mdomo. Wakamzunguka, na Chebet hakumwona tena. Aliona tu migongo, na mikono ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, kama watu wanaopura maharagwe. Mkokoteni ulipinduliwa. Sufuria kuukuu zikamwagika lamini, na watu wakaziokota na kuzitumia kupigia.

"Toa wenzako! Mitungi mingine iko wapi?"

"Nimeuokota! Nimeuokota mtaroni!" Sauti ya Mabonga ilitoka kati ya miguu. "Mwulizeni mtoto!"

"Mtoto ndiye ametuambia!" alinguruma Wanyoike.

Maneno hayo yalimpiga Chebet kuliko kofi. Alijipenyeza kati ya watu, akasukumwa, akaanguka, akainuka. Akashika aproni ya Wanyoike, damu ya ng'ombe ikampaka viganja.

"Si huyu!" alilia. "Alikuwa mwingine!"

Hata hapo, mnaona, aliogopa kuusema ukweli wote. Alitoa nusu akitumaini itatosha.

"Mwingine?" Wanyoike hakumtazama. "Na mtungi ameupata wapi? Toka hapa, mtoto, usije ukaumia. Umeshasaidia."

Mwanamke mmoja alimvuta nyuma kwa kola ya sweta. Kupitia pengo dogo Chebet alimwona Mabonga. Uso ulikuwa umefura, jicho moja limezibwa na damu, na midomo imepasuka. Lile jicho jingine lilikuwa wazi, nalo lilikuwa likimtazama yeye. Halikuwa na hasira. Lilikuwa likingoja.

"Tairi!" mtu alipaza sauti. "Leteni tairi!"

"Petroli nitatoa mimi," alisema Marvin. Alikuwa ameshachutama kando ya pikipiki yake, akichomoa mpira wa mafuta na kukinga chupa ya soda. Chupa ilikuwa ikijaa. Harufu ya petroli ikaenea, na watu wakarudi nyuma kidogo kumpa nafasi. Tairi kuukuu la trekta lilikuwa likija, likibingirishwa na vijana wawili wanaocheka.

Chebet aligeuka akakimbia. Cate, aliyekuwa amemfuata mpaka senta, alimdaka sketi.

"Unaenda wapi? Ukisema sasa, watakuchoma wewe! Nyamaza tu, Chebet, nyamaza!"

"Niache!"

"Jumamosi je?"

Chebet alimsukuma kwa nguvu zote, hata Cate akakaa chini. Kisha akakimbia kama ambavyo hangewahi kukimbia Eldoret wala popote pengine. Alipanda kibaraza cha posho mill, akaishika nondo kwa mikono yote miwili, akaligonga rimu. Akaligonga tena na tena, mpaka viganja vikachubuka na meno yakamuuma kwa mtetemo.

Tangu rimu lile litundikwe, halikuwa limewahi kugongwa mara mbili asubuhi moja. Umati ulisita. Mikono iliyokuwa juu ikabaki juu. Watu wakatazamana: ni moto? Ni mwizi mwingine? Kisha mazoea yakawavuta. Wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, halafu wote, wakaja mbio kibarazani na walivyo navyo mikononi. Marvin akaja na chupa yake. Nyuma yao, barabarani, alibaki mtu mmoja aliyelala kando ya mkokoteni uliopinduka.

"Ni nini?" Kipkoech aliuliza akihema. "Nani amekugongesha?"

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kuuliza kwa nini rimu limegongwa.

"Hakuna mwizi," alisema Chebet.

"Unasema?"

"Hakuna mwizi! Hakuwepo! Nilikuwa nacheza kati. Maziwa nimeyamwaga mimi kwa mguu wangu, na mtungi ukaingia mtaroni nikauacha. Mzee Mabonga ameuokota tu. Nilidanganya. Niliogopa kunyimwa mashindano, nikadanganya."

Injini ya posho mill iliendelea kunguruma ndani, ikisaga hewa, kwa sababu Kipkoech aliiacha bila mahindi. Hakuna aliyesogea. Kisha mwanamume mmoja kutoka kwenye magunia ya viazi akatoa sauti kama ya mtu aliyechomwa, akamrukia Chebet na ngumi imekunjwa.

"Shetani mdogo wewe! Unajua umetufanya nini?"

"Mguse uone."

Sauti hiyo haikuwa kubwa. Ilitoka nyuma ya watu, nao wakapisha. Kogo Hellen alikuwa amesikia rimu kutoka ng'ambo ya mto, akaja na alichokuwa nacho mkononi: kamba ya kufungia miguu ya Chelel wakati wa kukamua. Gumboti zake zilijaa matope. Alimtazama mjukuu wake, akaitazama chupa ya petroli, akatazama barabarani.

"Mtampiga huyu pia, mmalizie asubuhi?" aliuliza. "Nani hapa ana gari? Wanyoike, ile pikapu yako ya nyama inawaka?"

Wanyoike aliliangalia shoka lake kana kwamba ni mara ya kwanza kuliona. Akaliweka chini taratibu, kwenye matope. "Inawaka, Mama," alisema.

Walimwinua Mabonga kwa magunia. Mikono ile ile iliyompiga ndiyo iliyombeba, na Mama Virginia alikishika kichwa cha mzee yeye mwenyewe, akimwita, "Baba, usilale. Baba, nisikilize mimi, usilale." Kogo alipanda nyuma. Chebet aliposita, Kogo akamnyooshea kidole kilichopinda.

"Panda. Utakaa hapa uone."

Njia nzima mpaka hospitali Eldoret Chebet alishika mkono wa mzee ambao haukuwa umevunjika, na kila pikapu iliporuka kwenye shimo, alisikia anavyougua.

Mabonga hakufa. Lakini alipoteza meno ya mbele, na mkono wake wa kushoto hukunjika nusu tu mpaka leo. Polisi walikuja Kona Maziwa. Marvin, Kipkoech, Wanyoike na wengine waliandikisha taarifa, kesi ikafunguliwa, wakaachiliwa kwa dhamana, na hakuna aliyeweza kusema hakuwepo, maana senta nzima ilikuwepo. Chifu aliita baraza. Mwizi wa kweli wa mitungi hakujulikana. Jumamosi ya mashindano ilifika ikapita, na Chebet hakuuliza habari zake.

Jumapili baada ya ibada Kogo alimpeleka hospitalini. Mabonga alikuwa ameegemea mto, uso bado umevimba, mkono umo kwenye plasta. Aliwatazama, akageukia ukuta. Chebet alisimama kando ya kitanda mpaka miguu ikamwuma.

"Mzee," alisema mwishowe, "nisamehe. Mimi ndiye niliyekupiga. Hao wengine walitumia mikono tu."

Mabonga alipapasa plasta ya mkono wake. Halafu, bila kugeuka, akauliza kwa sauti iliyopenya kwenye pengo la meno, "Mtungi ulifika nyumbani?"

"Ulifika. Umebonyea kidogo."

"Waya wangu ulishika?"

"Ulishika, Mzee."

"Hm." Akageuka taratibu. "Sikiliza, msichana. Nikifumba macho naliona lile koleo. Kwa hiyo usiniulize kama nimesamehe, mimi mwenyewe sijui bado. Lakini nilisikia rimu. Nilikuwa nanusa petroli, nikasikia rimu. Hilo pia nalisikia nikifumba macho." Akavuta shuka. "Ukija tena, niletee maziwa. Chai ya hapa ni maji ya mto."

Chebet alimletea. Alimletea kila Jumapili mpaka alipotoka.

Asubuhi aliyorudi kazini, senta yote ilijua kabla hajaonekana. Fundi wa kuchomelea alikuwa ameunda mkokoteni upya na kuuwekea mpini ambao mtu wa mkono mmoja anaweza kuusukuma. Mama Virginia alikuwa amempangia mandazi kwenye sahani ya wageni. Lakini mzee alipotokea pale konani, hakuna aliyejua amsalimu vipi. Shoka la Wanyoike lilinyamaza. Kipkoech akainamia mahindi yake. Ilibidi Mabonga mwenyewe aanze.

"Tuma thee!" aliita wimbo wake ule ule kwa mdomo usio na meno ya mbele. "Betili thee!" Akasimama, akawatazama. "Haya, chekeni basi. Mmeyang'oa wenyewe."

Mtu mmoja akacheka, halafu akalia, na huyo alikuwa Wanyoike. Alitoka buchani akifuta macho kwa aproni. "Mzee," alisema, "mimi ni mtu mzima mwenye watoto, na sikuuliza swali hata moja." Akausogeza mkokoteni mpaka kivulini, na wengine wakaanza kujitokeza mmoja mmoja, kila mtu na chuma chake kikuukuu.

Siku hiyo hiyo wazee walikubaliana juu ya sheria mpya. Tangu hapo, anayegonga rimu hukaa hapo hapo kibarazani, na watu wakifika humwuliza kwanza: umeona nini kwa macho yako? Akishukiwa mtu, hushikwa na kupelekwa kwa chifu akiwa mzima.

Jioni Kogo alikaa kwenye kigoda akikamua, na Chebet akashika ile kamba. Kitambaa chekundu cha mtungi kilikuwa kimechakaa kwa yale yaliyotokea, na Kogo alikuwa amefunga kipya, ingawa waya wa Mabonga aliuacha vile vile.

"Kogo," Chebet aliuliza, "kama ningekuambia tu kwamba nimemwaga, ungefanya nini?"

"Ningekukasirikia. Ningekunyima Jumamosi yako, ungelia mpaka ulale. Asubuhi ungeamka, tungekunywa strungi, yakaisha." Maziwa yalikuwa yakilia shwaa, shwaa kwenye ndoo. "Ulikuwa na deni dogo la machozi, Chebet, ukataka mtu mwingine akulipie. Ukisema uongo mbele ya watu wenye hasira, hauwi wako tena. Kila mmoja anauokota na kuuongezea kitu kizito. Na wale watu wazima nao walikosa, maana walifurahia kupiga kabla ya kujua. Ukweli ukikuogopesha, useme ungali mdogo. Useme wote. Ile nusu uliyoitoa kwanza haikumsaidia mtu."

Chebet aliitikia kwa kichwa.

"Na kumbuka jambo hili," Kogo aliongeza, akiinuka na ndoo. "Maziwa yakimwagika, kesho Chelel anatupa mengine. Mabonga angemwagika pale barabarani, tungemkamua wapi mwingine?"

Asubuhi iliyofuata Chebet alipita kando ya uwanja mdogo na mtungi wake. Wasichana walikuwa wakicheza. Cate alisimama, mpira mkononi, akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakumwita. Chebet alibadilisha mkono, akaendelea na safari. Kule mbele, kwenye kilima kidogo kabla ya kona, Mzee Mabonga alikuwa akisukuma mkokoteni kwa mkono mmoja, akihema. Chebet akaongeza mwendo. Alipomfikia, aliupachika mtungi vizuri juu ya vyuma, akahakikisha umekaa, akaweka mabega yake nyuma ya mkokoteni, wakapanda pamoja.